Siku Themanini na Nne

Shida zangu zilianza mwaka 1963, nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alifariki kwa ugonjwa wa kifua wakati kahawa inaiva, na kabla matanga hayajaondolewa baba wadogo walikuwa wameshakaa kwenye vigoda nyuma ya nyumba wakigawa kihamba. Kihamba ni lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kwetu mlimani mtu asiye na kihamba ni kama hana ukoo. Kaka wa kwanza akapewa kipande cha upande wa mfereji. Kitinda mimba akapewa nyumba, na mama abaki naye humo. Wale wa katikati wakaambiwa ni wanaume, wakatafute. Sisi wasichana hatukuambiwa kitu, maana msichana ni wa kuolewa, na anayeondoka hagawiwi ardhi.

Nilikuwa darasa la tatu, nilichelewa kuanza. Nikaacha. Elimu yangu iliishia hapo na sijamwomba mtu radhi kwa hilo. Kusoma najua, kuandika najua, haya mnayoyasoma nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari la mjukuu, na hesabu za kichwa nawashinda wengi waliovaa joho.

Miaka minne nililea watoto wa watu Njoro, kule mjini, nikilala jikoni. Nilipofika miaka kumi na minane nikasikia kuna kampuni ya mbegu huko chini tambarare inatafuta wanawake wenye macho mazuri. Macho nilikuwa nayo. Nikaenda.

Kampuni ilikuwa ya wageni, na hata mashamba mengi yalipotaifishwa baadaye, yenyewe ilibaki, nadhani kwa sababu ilileta fedha za kigeni. Ilikuwa inalima maharage ya mbegu. Siyo ya kula. Yalisafirishwa kwenda Ulaya kupandwa kwenye bustani za watu, na mzungu wa bustani hataki punje iliyovunjika, wala iliyokunjamana, wala yenye doa lisilo lake. Kazi yetu ilikuwa kuyachambua. Wanawake kama sitini tulikaa chini bandani juu ya magunia, miguu imenyooshwa, ungo mapajani. Mkono wa kulia unachagua, wa kushoto unasogeza, mdomo unazungumza. Wengi wetu tulitoka mlimani, wengine walikuwa wake za watu waliokuja kutafuta kazi za mashamba kutoka mikoa ya mbali. Mwisho wa banda maharage safi yalinyunyiziwa dawa ya kuzuia wadudu, unga wa rangi ya waridi, halafu yakashonwa kwenye magunia. Upepo ukigeuka, banda zima tulikuwa na nyusi za waridi.

Kila mmoja alikuwa na ungo wake. Wangu niliuzungushia waya wa bluu ukingoni, nilioupata kwenye takataka za karakana. Na kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: ungo wako ndiyo kazi yako. Ukija asubuhi ukakuta mwingine ameuweka mapajani, usiende kwa karani kuuliza. Rudi nyumbani.

Mwaka 1969 niliolewa na dereva wa trekta wa kampuni hiyohiyo. Mtu mpole, mtoto wa katikati, hana kihamba kama mimi. Tulikuwa tunaishi kambini, chumba kimoja cha mabati, na tulikuwa na neno moja tu tulilolirudia kama rozari: kiwanja Rau. Kipande chetu wenyewe, karibu na maji, tupande migomba yetu. Kwa mshahara wake peke yake tungekipata tukiwa wazee. Kwa mishahara miwili ilikuwa inawezekana. Kwa hiyo ungo wangu haukuwa ungo. Ulikuwa nusu ya kiwanja.

Mwaka uliofuata nikapata mimba.

Sasa lazima niwaeleze watu wa siku hizi, ambao wanapiga picha tumbo likiwa bado na wiki sita. Kwetu mimba haikuwa inatangazwa. Unaijua wewe na mume wako. Mama mkwe anaijua kwa macho, hakuulizi. Nguo za mtoto hazishonwi kabla, jina halitajwi, siku haihesabiwi. Mkungu ukiuhesabia chane zake ungali mgombani, hata ngedere amesikia. Ndivyo tulivyoambiwa na ndivyo tulivyoishi.

Na mtoto akishazaliwa, mama yake hukaa ndani miezi mitatu. Hafagii, hachoti maji, hashiki jembe. Analishwa mtori, zile ndizi zilizochemshwa na nyama zikapondwa mpaka zikawa kama uji mzito, anapewa maziwa na siagi, anakaa kitako mpaka mwili urudi. Miezi mitatu ikiisha anapakwa mafuta, anavalishwa vizuri na kupelekwa sokoni watu wamwone. Mwanamke aliyetolewa kabla ya hapo, mama mkwe wake huchekwa mpaka anakufa.

Basi nilificha mimba yangu ndani ya kitenge, nikachambua maharage mpaka Jumamosi, Jumapili nikapanda mlimani kwa mama mkwe, Jumanne nikazaa. Nikakaa miezi yangu mitatu kama malkia. Nilipotoka niliamua kwenda kazini kwanza, sokoni nitakwenda baadaye. Nikafika bandani nang'aa mafuta, nimevaa kitambaa kipya kichwani. Ungo wenye waya wa bluu ulikuwa mapajani mwa msichana nisiyemjua.

Nyapara wetu alikuwa mwanamume wa Mkuu, Rombo, mwenye ulimi wa kiwembe.

"Karibu, mtoro," akaniambia.

"Mtoro mimi? Nimezaa."

"Nani alijua? Ulimwambia nani? Kitabuni umeandikwa umetoroka."

"Wewe hukuniona tumbo?"

"Mimi naangalia maharage, dada. Siangalii matumbo ya wake za watu."

Wenzangu waliinamisha vichwa kwenye nyungo zao. Sikulia pale. Nililia njiani, na mafuta usoni yakafanya machozi yateleze haraka, nikafika nyumbani nimekauka.

Miaka mitatu nilikata majani ya ng'ombe na kuyauza kwa mzigo wa kichwa. Kiwanja cha Rau kikawa mbali kama Ulaya. Mwaka 1973 walihitaji watu, nikarudi, nikaanza upya kama mgeni. Yule msichana alikuwa ameolewa akaenda zake. Ungo wangu niliukuta stoo, waya bado upo. Nikauchukua bila kumwomba mtu.

Jirani yangu wa kukaa naye bandani alikuwa mwanamke wa Singida, mume wake alikuwa mlinzi wa ghala. Mcheshi, mwenye pengo la meno ambalo alicheka nalo. Yeye hakuwa na mila ya miezi mitatu wala mama mkwe wa karibu. Alipozaa mtoto wake wa pili alirudi siku ya tisa, mtoto mgongoni, damu bado inamtoka, kwa sababu alikuwa ameona yaliyonipata. Mtoto alikohoa humo bandani kila upepo ulipoleta ule unga wa waridi. Nilimtazama yule mtoto nyusi zake, zimepakwa rangi kama sisi, nikasema moyoni, hapana, hapa kuna kitu hakiko sawa.

Siku moja katibu wa tawi la wafanyakazi alituita. Alikuwa kijana, ndugu mmoja mwenye aibu, na karatasi aliyoishika ilihusu uzazi. Aliisoma yote akiangalia bati la paa. Alisema sheria ya nchi sasa inampa mwanamke mfanyakazi aliyejifungua siku themanini na nne za likizo, kwa mshahara, mara moja katika miaka mitatu, awe ameolewa au hajaolewa. Na kwamba hata wakubwa wa kazi wa dunia, huko Uswisi wanakokaa, walishaandika zamani kwamba mwanamke apumzike wiki kumi na mbili na asifukuzwe akiwa amepumzika. Anayetaka ajaze fomu kabla ya kujifungua, aambatanishe kadi ya kliniki.

"Maswali?" akauliza lile bati.

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani. Siku themanini na nne gawanya kwa saba. Wiki kumi na mbili. Miezi mitatu kasoro. Nikamnong'oneza jirani yangu: "Hao wakubwa wa dunia wamekwenda kumuuliza bibi yangu?"

Akacheka hadi pengo likaonekana. Lakini fomu hakwenda kuchukua mtu. Wa mlimani hatukuweza kutaja mimba kabla mtoto hajaonekana, na wa mikoa mingine walituona sisi wenyeji tunaogopa, wakadhani tunajua jambo ambalo wao hawalijui. Sheria ilikuja mpaka mlangoni, ikatukuta tumefunga kwa ndani.

Mwaka 1976 nikapata mimba tena. Nikakaza kitenge. Mwenye kiwanja tulikuwa tumeshamwona, tumekubaliana naye, tumebakiza sehemu ya bei. Nikiitwa mtoro mara ya pili, nusu yetu imekwenda. Nikirudi siku ya tisa, mama mkwe hatanisamehe, na mtoto atakohoa waridi. Sikulala vizuri mwezi mzima nikigeuza hayo mawili.

Ndipo wageni walipokuja.

Inasemekana huko Ulaya watu walikuwa wameanza kuuliza maharage yao yanachambuliwa na nani, na kwa hali gani, na mnunuzi mkubwa akaogopa kuandikwa vibaya magazetini. Sisi tulijua kuna jambo kwa sababu asubuhi hiyo tuligawiwa aproni mpya na glovu. Glovu zenyewe za kazi za kiwandani, kubwa kama za mcheza masumbwi. Jaribu kuokota punje ya harage nazo. Tulikaa tumezivaa mikono juu ya nyungo, kama watu wanaosubiri kubarikiwa.

Walikuja watatu: mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, kijana wa Kizungu mwenye kamera, na ofisa wa kazi wa serikali, Mtanzania mwenzetu, aliyekuwa anatafsiri. Meneja wetu, mzungu naye, alitembea mbele akionyesha kila kitu kwa fimbo.

"Mama anauliza," ofisa akasema, "mna malalamiko yoyote?"

"Hatunaaa!" tukaitikia wote.

"Mnaridhika na kazi?"

"Tunashukuruuu!"

Hatukuwa tumeambiwa tuseme hivyo. Ni malezi tu. Mgeni haonyeshwi sufuria tupu.

Yule mama akaangalia glovu zangu, akaangalia maharage yangu, akaniangalia mimi. Akamgeukia meneja akauliza jambo. Ofisa akatutafsiria: "Anauliza kama wanawake wanapata likizo ya uzazi."

"Wanapata!" meneja akajibu kwa Kiswahili, ili nasi tusikie. "Fomu zipo. Karani, lete!"

Karani akaleta kitabu cha fomu kutoka kabatini. Akakipuliza vumbi. Yule mama akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Zote nyeupe.

"Hawaombi," meneja akasema, amenyoosha mikono. "Toka nilete fomu hizi hakuna aliyeomba. Nifanye nini?"

Nami nitasema haki: hakuwa anadanganya. Aliamini kabisa kwamba wanawake sitini wameketi pale miaka na miaka hakuna anayeshika mimba. Wanaume wengi wanaamini vitu kama hivyo, hata wasio wazungu.

"Wanawake wote hawa," ofisa akasema, na sasa aliuliza kwa niaba yake mwenyewe, "hakuna hata mmoja mwenye mimba?"

Nyapara wa Rombo akatusaidia: "Hakuna, bwana. Wote wako salama."

Mwenzangu wa Singida akanisogelea sikioni. "Dada, hicho ulichobeba ni kabichi?"

Nikacheka. Ile kucheka ndiyo iliyonisimamisha, maana kwa ujasiri peke yake nisingesimama. Tumbo la miezi saba linatanguliza magoti, kwa hiyo nilisimama polepole na kila mtu akaona kabla sijasema.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?" nyapara akauliza.

"Mimi nina mimba. Mwezi wa saba."

Wanawake wa mlimani waliinama wote kama majani ya mgomba yaliyopigwa na mvua ya mawe. Mmoja nyuma yangu, mtu mzima, akatema mate kidogo pembeni ili kunikinga na mdomo wangu mwenyewe.

"Kumbe!" nyapara akasema. "Mimi nilidhani ni ugali wa kampuni."

"Ugali wenu haujawahi kumnenepesha mtu."

Banda likacheka. Ofisa naye akayatafsiri hayo, sijui kwa nini, na yule mama mwenye nywele nyeupe akacheka. Basi kwa kuwa nilikuwa nimeshajilaani, nikamalizia. Nikamwambia ofisa kwamba mwaka 1970 nilizaa nikaitwa mtoro. Kwamba huyu mwenzangu alirudi siku ya tisa. Nikavua glovu, nikamwonyesha mama wa Kizungu viganja vyangu vya waridi. "Mwambie amuulize meneja kama dawa hii angemnyunyizia mkewe kwenye sahani."

Meneja akawa mwekundu kupita dawa yenyewe.

Nikaitwa mezani fomu ijazwe hapohapo. Jina, sawa. Namba ya kazi, sawa. Halafu karani akasoma: "Siku unayotarajia kujifungua."

Kusimama nilisimama, kusema nilisema, lakini siku? Kumpangia siku mtu ambaye bado yuko mikononi mwa Mungu?

"Andika mwezi," nikasema. "Siku hapana."

"Fomu inataka siku, mama."

"Itaendelea kutaka."

Karani akamwangalia ofisa. Ofisa akamwambia aache wazi, ainakili kutoka kwenye kadi ya kliniki itakapoletwa. Meneja akatia sahihi. Kalamu yake ilichimba karatasi.

Habari kwetu hupanda mlima haraka kuliko basi. Jumapili nilipokwenda kwa mama mkwe, alikuwa ameshajua. Nilikwenda na jani la isale mkononi, lile jani ambalo Mchaga akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Alikuwa ameketi mlangoni anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemtangaza mjukuu wangu kwa Wazungu kabla Mungu hajamtoa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na wakapiga picha."

"Walipiga banda, mama. Sijui kama niliingia."

"Tumbo kama hilo litakosaje kuingia!"

Nikapiga magoti nikampa isale. Akaipokea, lakini akaiweka mapajani, akaendelea kumenya. Nikamweleza. Kwamba nitakaa miezi mitatu, ungo wangu ukinisubiri, nikilipwa.

Kisu kikasimama. "Miezi mingapi?"

"Wiki kumi na mbili. Ni miezi mitatu, imepungua siku chache tu."

Akahesabu kwa vidole, akarudia. "Hiyo ni ya kwetu hiyo. Nani aliwaambia?"

"Imeandikwa huko Ulaya, mama. Na serikali yetu imeiandika."

"Leo?"

"Ina miaka."

"Wamechelewa," akasema. Akachomeka isale juu ya mlango. "Nimekusamehe. Lakini jambo likimpata mtoto huyu, utamjibu nani? Usinijibu mimi."

Hilo neno nililibeba wiki zote zilizobaki, zito kuliko mtoto mwenyewe. Kliniki nilikwenda, kadi nikaipeleka, nikahamishwa kutoka mwisho wa banda nikawekwa mlangoni kwenye hewa safi, na kila nilichofanya nilikuwa nasikiliza kama anacheza. Alikuwa anacheza. Alizaliwa akilia kwa sauti ambayo wanaume wa kambi nzima waliisikia. Msichana. Mama mkwe alipomshika akamkagua vidole vyote, mikono na miguu, akasema, "Aika, Mungu, asante. Ila ana ulimi mrefu kama mama yake, naona."

Safari hii sikuweza kupanda mlimani, barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, ikapitika kwa malori tu. Kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyeshuka. Alikuja na mikungu ya ndizi mshare juu ya lori, akaingia kambini akilaani joto, mbu na bati. Akapika mtori wake nje ya mlango wetu. Harufu ikatembea kambi nzima. Kulikuwa na mwanamke mwingine wa mlango wa tatu, wa Kigoma, amejifungua wiki hiyohiyo na hana mtu. Mama mkwe akamuuliza: "Wewe unakula nini?" Akajibu, uji. "Uji wa mtu aliyezaa?" Kuanzia siku hiyo sufuria ikapikiwa wazazi wawili. Nami kwa kuwa sikuruhusiwa kufanya kazi nilikaa nikaangalia. Kiasi gani cha ndizi, nyama ya sehemu gani, kiasi gani cha maziwa, upondwe wakati gani. Siku themanini na nne nikisomea mtori. Hicho ndicho chuo changu.

Siku ya themanini na tano nikaamka, nikapakwa mafuta, nikafungwa kitambaa. Mama mkwe alitaka twende sokoni kwanza. Nikamwambia hapana, tupitie kazini. Tukaenda wote, yeye na mtoto mgongoni mwake.

Ungo wangu ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, mahali pangu, hakuna aliyekalia gunia langu. Mwenzangu wa Singida alikuwa ameupangusa. Nyapara akaniangalia, akamwangalia mama mkwe, akaamkia kama mtoto mwenye adabu, "Shikamoo, mama," na kwangu akasema tu, "Kaa basi. Maharage hayajichambui."

Nikakaa. Sijui kama nimewahi kuketi mahali pazuri kuliko lile gunia.

Wale wanawake walioinama siku ile hawakusimama hata baadaye. Mila ni mila. Lakini walianza kunijia mmojammoja nyuma ya ghala. "Nenda kamwambie karani miguu yangu imevimba." Wao hawakuweza kujitaja, ila mimi nilikuwa nimeshaharibikiwa, mdomo wangu haukuwa na cha kupoteza. Nikawa nakwenda ofisini: "Karani, yule wa mstari wa pili, miguu imevimba." Karani akawa anachukua kitabu cha fomu bila kuuliza. Mahali pa siku palikuwa pakibaki wazi mpaka kadi ije. Hakuna aliyeitwa mtoro tena kwa sababu ya kuzaa, mpaka nilipoondoka.

Kiwanja cha Rau tulikipata mwaka 1978. Mume wangu alipanda migomba kabla hatujajenga choo.

Niliondoka kampuni mwaka 1982, kwa hiari yangu. Ulikuwa wakati wa shida madukani, sukari kwa foleni, unga kwa foleni, hata sabuni. Lakini ndizi zilikuwa zinashuka mlimani kila siku, hazikuhitaji kibali cha mtu. Nikakodi kibanda Njoro, nikapika mtori, nikaanza kuupeleka kwa chupa kwa akina mama waliojifungua. Wengine walikuwa wa makabila yasiyoujua kabisa, wakaonja, wakatuma tena. Mama mkwe alikuja mara moja kuukagua. Akaonja, akasema chumvi imezidi, akamaliza bakuli.

Leo nina vitu vifuatavyo.

Kiwanja cha Rau, na nyumba ya vyumba vitano. Mume wangu amezikwa humo, penye migomba.

Migomba ya mshare, mingi.

Ng'ombe wawili wa maziwa.

Mgahawa Njoro, meza nane. Sufuria kubwa nne.

Watoto wapo. Hawahesabiwi.

Ungo mmoja wenye waya wa bluu, unapepeta mchele.

Wafanyakazi wanawake sita. Nimewaambia siku ya kwanza: ukishika mimba niambie, na kama huwezi, niambie miguu imevimba. Hakuna mzungu aliyewahi kuja kunikagua, na akija atakula kwanza.

Visu sita vya kumenyea ndizi, kila kimoja na mwenyewe. Kimoja kimetundikwa msumarini. Mwenye nacho amejifungua, yuko nyumbani kwake, mwezi wa pili huu. Hakiguswi.